Sukari Niliyosingiziwa

Mwaka ule ambao sukari yangu ilikataa kushuka, mke wangu aliamini kwa moyo wake wote kwamba nilikuwa nakula mandazi kwa siri. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia kujitetea. Alinyamaza tu, akaanza upelelezi.

Sisi ni watu wa Kathonzweni. Mimi hununua ndengu kwa wakulima, nikazipepeta, nikazitia kwenye magunia, na lori likija kutoka Sultan Hamud napakia. Yeye analima, anafuga kuku na mbuzi, na ni mwenyekiti wa kina mama kanisani, cheo ambacho kwetu kina nguvu kuliko cha chifu, kwa sababu chifu huchelewa kupata habari. Watoto wamekwenda kujitafutia maisha. Nyumbani tumebaki wawili, na mbwa.

Ugonjwa wa sukari ulijulikana nilipoanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni wakati wa kiangazi. Nikapewa dawa, nikaambiwa niache soda na chai tamu, nipunguze ugali, nitembee. Niliacha. Nasema niliacha, na kesi yote ilikuwa hapo. Mimi nilikuwa mtu wa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha kufanya kijiko kisite kuzunguka. Niliiacha chai hiyo kama mtu anavyoachana na rafiki mbaya, nikahamia strungi, chai kavu isiyo na chochote, na kila asubuhi nikawa natembea mpaka kwenye silanga, bwawa letu la maji, na kurudi. Kipimo kikashuka vizuri. Kliniki nilisifiwa mbele ya wagonjwa wengine, nikasimamishwa wanione. Halafu, bila mimi kubadilisha chochote, kikaanza kupanda tena.

Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliniuliza kama nilikuwa nameza dawa. Nikasema nameza. Akaniuliza kama nilikuwa nimerudia vitu vitamu. Nikasema la. Akamtazama mke wangu, ambaye huja nami kila mara. Mke wangu akatazama dari.

Tuliporudi nyumbani alilitoa bakuli la sukari mezani akalihamishia chumbani, chini ya kitanda, upande wake. Wageni wakija akawa anaingia chumbani na kikombe, anatoka nacho kimeshakorogwa, na wageni wanakunywa wakiwa na wasiwasi.

Baada ya hapo akapanga watu. Mwanamke anayekaanga mandazi karibu na stendi alikuwa mwanachama wake kanisani, na muuza miwa alikuwa binamu yake. Mwenye kibanda cha chai ninachoingia asubuhi alikuwa ameokolewa na mke wangu katika ugomvi fulani wa shamba, na akawa na deni la shukrani. Nikiingia, strungi yangu ililetwa kabla sijakaa, ikawekwa mezani kwa kishindo, na mwenye kibanda akatangaza kwamba haina sukari. Wateja wakageuka. Nikanywa chai yangu kama mtu aliyeachiliwa kwa dhamana.

Kama ushahidi ungekuwa wa watu hao peke yao, ningeshinda. Hakuna hata mmoja aliyeniona na andazi, kwa kuwa andazi halikuwepo. Lakini ushahidi mwingine ulikuwa mezani petu wenyewe, na huo sikuweza kuukataa.

Nilikuwa siwezi kumaliza muthokoi. Asiyejua Ukambani ajue kwamba muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa maganda yakapikwa na maharagwe au ndengu, na kwamba mwanamume wa rika langu akiusukuma kando, watu huuliza amelishwa nini kwingine. Mimi nilikuwa nausukuma kwa sababu meno ya nyuma yalikuwa yanauma na ya mbele yalikuwa yamelegea kidogo, kama vigingi vya ua vilivyotikiswa na mbuzi. Nilitafuna upande huu, nikahamia upande ule, nikachoka, nikaacha. Nyama nilimpa mbwa. Mbwa akanenepa. Mke wangu akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akahesabu akilini kwamba mtu anayegawa nyama ni mtu aliyeshiba.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwambia tu kwamba meno yananiuma. Ukweli ni kwamba sikuona kama kuna la kusema. Tangu ujana wangu, nikipiga mswaki natema povu la rangi ya waridi. Baba yangu alitema hivyo hivyo, na kaka zangu. Nilidhani ndivyo fizi zilivyo, kwamba ni kitu laini na kikisuguliwa kitatoa damu, kama vile goti la mtoto. Zilipoanza kuvimba na kurudi nyuma, meno yakawa marefu, niliona ni uzee. Farasi pia huwa hivyo, nimesikia. Na maumivu yenyewe yalikuwa madogo madogo, ya kuja na kwenda, si yale ya kumfanya mtu abwage kazi.

Kulikuwa na jambo la pumzi pia. Mke wangu alianza kulala akiwa ameelekea ukutani. Nilipomuuliza akasema ana joto. Ilikuwa Julai, na Kathonzweni Julai hata kuku hujikunyata. Baadaye sana alinieleza kwamba kinywa changu kilikuwa kinanuka kama mtu aliyekula vitu vitamu akalala bila kunawa, na kwamba kwake huo ulikuwa ushahidi mkubwa kuliko wa mbwa.

Kisha wazo lake likapanda daraja. Mtu anakula wapi kila siku na haonekani hotelini wala kibandani? Anakula nyumbani kwa mtu. Nyumbani kwa nani? Hapo mke wangu akaacha kutafuta mandazi, akaanza kumtafuta mwanamke anayeyakaanga.

Huwa nakwenda Sultan Hamud kuonana na wenye malori. Siku moja nikiwa huko, nimekaa katika duka la rafiki yangu, fundi mstaafu anayeuza vipuri vya pikipiki, nikasikia mtu ng'ambo ya barabara akisalimia kwa heshima, "Mwenyekiti, habari ya safari?" Kisha mwingine, "Mwenyekiti, karibu." Nikainua macho. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya rundo la matikiti na mweka hazina wake wa kina mama, wote wawili wamejifunika leso mpaka machoni. Walikuwa wamejificha vizuri sana, ila mke wangu anajulikana na watu kutoka Emali mpaka mji wa Wote, na hawezi kujificha popote palipo na mtu aliyewahi kuhudhuria harambee.

Akaona amegunduliwa, akavuka barabara kwa mwendo wa mtu aliyekusudia kuvuka tangu mwanzo. Mbele yangu kulikuwa na kikombe cha uji. Akauliza ni nini. Nikasema ni uji wa wimbi. Akauliza nani ameupika. Rafiki yangu, ambaye ni mjane na ana ndevu mpaka kifuani, akasema ni yeye. Mke wangu akamtazama kwa muda. Halafu akachukua kikombe changu, akaonja.

Haukuwa na sukari. Rafiki yangu huweka ndimu tu, na wakati mwingine husahau hata ndimu. Mke wangu alionja tena, pengine akidhani sukari imezama chini. Akarudisha kikombe mezani, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa uso wa mtu aliyeshindwa uchaguzi. Mweka hazina akasema sasa wanaweza kwenda kununua matikiti.

Sikumuuliza chochote, naye hakunieleza. Lakini jioni hiyo aliniuliza, kwa mara ya kwanza, kwa nini mtu mzima anakunywa uji mchana. Nikamwambia uji ni laini. Akasema, "Laini kwa nini?" Nikasema ni laini tu. Tukaishia hapo, na ninapokumbuka nahisi kwamba tungeendelea na maongezi yale kidogo tu, tungeokoa miezi kadhaa.

Badala yake nikapelekwa kwenye maombi. Ibadani siku ya Jumapili, mama mmoja mwenye sauti kubwa alisimama akaomba kwa ajili ya ndugu mmoja miongoni mwetu aliye na vita na tamaa ya mdomo. Alimwomba Mungu akifunge kinywa cha ndugu huyo. Aliomba kwa muda mrefu na kwa machozi, na mimi nikasema amina kila aliposita, maana niliamini anamwombea karani wetu wa kanisa, ambaye ni mnene. Nilipofumbua macho nikaona benchi zote za mbele zimenigeukia. Karani pia alikuwa amenigeukia, kwa huruma.

Mambo yakafika mwisho huko Mutomo.

Mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa anaoa. Alikuwa amepata msichana wa Mutomo, na kabla ya mengine yote sharti mbuzi wa ntheo wapelekwe kwao, maana kwetu msichana hajaposwa mpaka mbuzi hao wapokewe. Mimi ndiye baba yake mdogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa msemaji. Tulipakia mbuzi kwenye pikapu, tukapitia Kibwezi, tukafika kwa wakwe wakati jua limekwisha kuwa kali. Mke wangu, ambaye alikuwa nasi ila angekaa jikoni na wanawake, alikuwa ameniagiza nisiguse soda. Alikuwa amewaagiza na watu wote wa msafara wanitazame.

Tulipokelewa vizuri. Mzee wa upande wa pili alikuwa mjomba wa msichana, mtu mwembamba aliyevaa koti zito katika joto lile, mwenye uso ambao haukusogea hata aliposema karibu. Mbuzi mmoja alichinjwa, akachomwa, na wazee wa pande zote mbili tukaketi kuzunguka sinia moja. Mjomba alikata bega kwa kisu chake mwenyewe, akanipa kipande cha kwanza. Kipande hicho hakikataliwi. Ni cha msemaji.

Nikakiingiza kinywani nikaanza kazi. Nyama ya mbuzi wa Mutomo ni nyama ya mnyama aliyetembea. Nilitafuna kulia, nikahamia kushoto, nikawa natabasamu ili wakwe wasidhani nadharau. Mwishowe nikasikia kitu kigumu, nikajua ni kipande cha mfupa, nikakitoa kwa adabu kwa vidole viwili nikakiweka ukingoni mwa sinia pamoja na mifupa mingine. Nyama nikaimeza nzima.

Mjomba akainama. Akakitazama kile kitu. Akakichukua, akakigeuza juani.

"Huu si mfupa," akasema. "Hili ni jino."

Likapitishwa mkono kwa mkono. Wazee wa upande wao wakakubaliana kwamba ni jino. Wazee wetu pia wakakubali. Swali likawa, jino limefikaje katika bega la mbuzi. Mmoja akasema pengine mbuzi alipigana na mwenzake akaumwa, jino likabaki mwilini. Mwingine, ambaye alikuwa mfugaji, akamkumbusha kwamba mbuzi hapigani kwa kuuma. Mwingine akapendekeza fisi. Hoja ya fisi ilipata wafuasi wengi, kwa kuwa ilimpa mbuzi sifa ya kuponyoka, lakini mfugaji akasema jino la fisi si bapa hivi. Kijana aliyechinja akaitwa, akaapa kwamba mbuzi alikuwa mzima na bega lilikuwa safi. Kisha mtu akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemleta mbuzi huyo, na wote wakanitazama, maana mbuzi alikuwa wetu.

Mimi nilikuwa nashiriki mjadala kwa dhati. Nilikuwa upande wa fisi. Nikafungua kinywa nitoe hoja, hewa ikapita mahali ambapo haijawahi kupita, na ulimi ukaenda kutazama. Ukakuta dirisha.

Nilifikiria kumwachia fisi jino lile. Lakini kijana aliyechinja alikuwa bado amesimama pale akitoka jasho, na nilimwonea huruma.

"Wazee," nikasema, na neno likatoka na mluzi, "jino ni langu."

Hakuna aliyecheka. Kwa wakwe hakuchekwi ovyo. Mjomba alilishika jino lile akanikabidhi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhi mtu kitu cha thamani, na uso wake ulikuwa vile vile. Akasema kwamba walikuwa wamejiandaa kupokea mbuzi, na kama upande wetu umeona vema kuongeza na jino, wao hawana neno, lakini wangependa kuambiwa mapema. Ndipo sinia nzima ikapasuka kwa kicheko, pamoja na wake zetu waliokuwa jikoni wakisikiliza kila kitu.

Mke wangu hakucheka. Alitoka jikoni akaja mpaka tulipo, jambo ambalo si kawaida, akaniambia nifungue kinywa. Nikafungua. Akarudi nyuma hatua moja.

Na hapo ndipo msichana mwenyewe alipoingia katika habari hii. Alikuwa chumba cha ndani na wenzake, kama inavyopasa. Sisi tulijua kwamba amesoma na anafanya kazi hospitalini huko Kitui mjini, lakini kijana wetu, katika kumsifia, alikuwa ametueleza urefu wake, sauti yake na upishi wake, akasahau kutuambia kwamba yeye ni daktari wa meno. Akatuma neno kupitia kwa shangazi yake kwamba angependa kumwona mzee aliyetokwa na jino.

Likawa tatizo. Kwetu kuna nthoni, ile haya na heshima kati ya wakwe inayomfanya mtu amkwepe mkwe wake njiani. Mke wa mtoto wangu hawezi kunipapasa kinywani. Wazee wetu wakasema haiwezekani kabisa. Shangazi akasema mgonjwa ni mgonjwa. Wakabishana kwa heshima, wakimsubiri mjomba, ambaye alikuwa anachokonoa meno yake kwa kijiti na kufikiri.

Mwishowe akauliza kama neno la kuwapokea mbuzi lilikuwa limekwisha kusemwa. Wakamwambia bado, nyama ililiwa kwanza. Akasema basi msichana bado si mkwe wa mtu yeyote. Kwa sasa ni daktari. Lakini afanye haraka, kwa sababu yeye alikusudia kulisema neno hilo kabla jua halijashuka, na akishalisema, kinywa cha mzee huyu kitafungwa kwake mpaka kufa.

Kwa hiyo nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jikoni. Msichana alinawa mikono, akaomba glavu kutoka mkoba wake, akawasha tochi ya simu. Mke wangu akasimama upande mmoja kama wakili. Wazee wakageuza viti vyao wakatazama upande wa zizi, kwa adabu, ila masikio yalikuwa kwetu.

Alitazama kwa utulivu. Alibonyeza ufizi hapa na pale kwa kidole, akaona damu, akaona na usaha. Meno aliyatikisa moja moja. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu wa meno.

"Baba, una ugonjwa wa sukari?"

Nikasema ninao. Akauliza kama inakataa kushuka. Mke wangu akajibu badala yangu kwamba inakataa, na kwamba yeye anajua kwa nini.

Msichana alizima tochi, akatueleza polepole, kwa maneno ya kawaida. Alisema fizi zangu zilikuwa zinaumwa kwa miaka mingi, si siku nyingi. Uchafu mgumu umejikusanya chini ya ufizi, wadudu wamekaa humo, na ufizi umekuwa kidonda kinachozunguka kila jino. Alisema kidonda kama hicho kingekuwa mguuni ningekuwa nimeshakimbia hospitali, lakini kwa kuwa kimefichwa na midomo, nimekitembeza sokoni. Mwili unapigana na kidonda hicho kila siku, na ukiwa katika vita hivyo dawa ya sukari inakosa nguvu ya kutosha, sukari inapanda. Na sukari ikipanda, fizi nazo hazina nguvu ya kupona. Vinasukumana namna hiyo. Akaongeza kwamba si sukari peke yake, kwamba watu wenye fizi mbovu mara nyingi huonekana na shida za moyo pia, na kwamba wataalamu wanazidi kuona kuwa kinywa si nyumba ya pembeni bali ni chumba cha mwili huu huu.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeona nyumba aliyoijenga kwa mwaka mzima ikiingiwa na mchwa:

"Kwa hivyo si mandazi?"

Msichana akasema kwamba hawezi kujua habari za mandazi. Lakini kwa fizi hizi, hata mtu asiyekula andazi lolote angehangaika kuishusha sukari yake. Na kwa meno haya, akasema, hadhani kama baba anaweza kula kitu kigumu kwa siri.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kunitetea. Nilitaka kumshukuru, lakini nilikuwa bado na kipande cha pamba alichokuwa amenitia penye pengo.

Akatuandikia jina la mwenzake aliyesoma naye, anayefanya kazi katika hospitali moja huko Wote, karibu na kwetu. Alipoingia tu ndani mjomba akasimama, akafunga kifungo cha koti lake, akasema neno. Mbuzi wakapokewa. Kuanzia dakika hiyo yule daktari akawa mkwe wangu, na mpaka leo tukikutana ananisalimia akitazama viatu vyangu. Akitaka kujua habari za fizi zangu humtuma mumewe aniulize, naye mumewe, ambaye haelewi anachouliza, humrudishia majibu ya ovyo.

Tukirudi garini tukavuka daraja la Athi. Hapo mke wangu akasema, akitazama dirishani, kwamba ingekuwa vizuri kama mtu angesema meno yanamuuma. Nikamwambia ingekuwa vizuri kama mtu angeuliza. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Huko mjini Wote nilikwenda mara kadhaa. Yule mwenzake alikuwa kijana mkubwa mwenye mikono kama ya mchimba visima, na niliogopa sana nilipoiona, lakini ilikuwa myepesi. Alisafisha chini ya ufizi sehemu kwa sehemu, kwa ganzi, na alichokitoa alinionyesha. Kilikuwa kama mawe ya mtoni. Meno mawili mengine hayakuokoka. Alinifundisha kupiga mswaki upya, jambo linalomdhalilisha mtu mwenye wajukuu: mswaki laini, mkono usiokaza, ukingoni pale jino linapoingia katika ufizi, asubuhi na kabla ya kulala, na kupitisha uzi katikati ya meno. Nilimuuliza kama nitumie mswaki wa mti kama babu yangu. Akasema mti ni mzuri ukitumiwa vizuri, ila babu yangu hakuwa na sukari.

Kliniki waliniambia nisiache dawa hata kidogo, na nisidhani kwamba daktari wa meno ameniponya. Sikudhani. Lakini miezi ilipopita kipimo kilianza kushuka, taratibu, kama kilivyoshuka mara ya kwanza. Muuguzi yule mpole aliuliza tumefanya nini. Nikampa nafasi mke wangu ajibu. Akasema ni fizi, akaeleza habari yote ya kidonda kilichofichwa na midomo, kwa ufasaha, kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Muuguzi akasema tangu siku hiyo atakuwa akiwauliza wagonjwa wake wote kuhusu vinywa.

Kanisani kulikuwa na kazi. Maombi yalikuwa yameshapelekwa, na mke wangu ni mtu wa haki. Alisimama siku ya ushuhuda akasema kwamba lile ombi la ndugu mwenye tamaa ya mdomo lilitumwa kwa makosa, na anaomba liondolewe. Mchungaji akamuuliza liondolewe namna gani. Mke wangu akasema hajui, yeye si mchungaji. Mchungaji akafikiri, akasema kwamba Mungu aliombwa ashughulike na kinywa cha ndugu huyo, na kwa namna alivyoelewa habari za Mutomo, ameshughulika nacho. Watu wakasema amina. Jambo likafungwa.

Bakuli la sukari likarudi mezani bila maneno. Hakuniomba msamaha, wala sikuutaka. Siku hiyo alinipikia muthokoi uliochemka mpaka ukawa laini kama uji, akakaa kunitazama nikila mpaka sahani ikaonyesha maua yake. Mbwa alisubiri mlangoni mpaka akakata tamaa.

Mtu aliyezoea upelelezi hastaafu. Akahamishia nguvu zake zote kwenye fizi za wilaya. Mgeni akija, kabla hajaulizwa habari za nyumbani, huulizwa kama akipiga mswaki anaona damu. Karani wa kanisa aliulizwa, akakiri, akapelekwa mjini Wote na kundi zima la kina mama kama mtu anayepelekwa kubatizwa. Kiongozi wa kwaya alikwenda mwenyewe kabla hajafuatwa. Mwenye kibanda cha chai sasa ameweka karibu na chupa ya strungi kikombe cha vijiti safi vya meno, na juu yake ameandika kwa chaki kwamba anayetoka damu amwone mwenyekiti.

Yeye mwenyewe alikataa kutazamwa kwa muda mrefu. Alisema hana sukari, kwa hiyo fizi zake hazina kesi. Aliyemshinda ni yule mkwe wetu, ambaye kwa mama mkwe hana vizuizi vyote vile alivyo navyo kwangu. Alikuja kututembelea, akamkalisha mama mkwe wake jikoni, akamwashia tochi, na kupitia ukuta wa mabati nikasikia kimya kirefu kuliko chochote nilichowahi kusikia kutoka kwa mke wangu. Halafu nikasikia akiuliza kama kweli ile ni damu yake.

Sasa asubuhi tunatoka wawili nyuma ya nyumba na miswaki na jagi moja la maji. Yeye husimama upande wa kuku, mimi upande wa mpapai. Hakuna anayeweza kuongea na povu kinywani, kwa hiyo hatuongei. Tunatazama tu jua likipanda juu ya mashamba ya ndengu. Nikimaliza mapema hunionyesha kwa kidole nirudie ya nyuma, nami narudia.